Farasi Hajui Jumapili

Kiwanda hufungwa. Mashine ikizimwa Ijumaa jioni hukutwa Jumatatu pale pale ilipoachwa, haijadai maji wala haijajichafua. Farasi wa mbio hakubali mpango huo. Katika mji wa Newmarket, mashariki mwa Uingereza, mnyama aliyenunuliwa kwa bei ya nyumba husimama chumbani mwake karibu saa 22 kwa siku. Asubuhi hutolewa kukimbizwa, kisha hurudishwa. Yanayobaki yote ni juu ya saisi: kuzoa mavi, kutandaza mabua mapya, kujaza ndoo, kulisha, kupiga brashi, kuinua kwato moja moja na kuzichokoa. Krismasi hivyo hivyo, Pasaka hivyo hivyo. Ndiyo maana suala la likizo, ambalo katika kazi nyingi lilimalizwa mezani kati ya mwajiri na chama, kwenye mabanda ya farasi lilikula sehemu kubwa ya karne ya 20, na hadi leo halijatulia.

Newmarket ni mji wa farasi tangu karne ya 17, wakati mfalme Charles II alipokuwa akihamia huko na watu wake kutazama mbio, na mara nyingine kushindana mwenyewe. Katikati ya karne ya 18 mabwana wenye farasi waliunda Jockey Club, klabu ya matajiri iliyojigeuza serikali ya mchezo mzima. Iliandika kanuni, ikatoa leseni, ikafungia watu maisha. Uzito wa joki iliujua mpaka ratili ya mwisho. Ila mvulana aliyemlisha farasi analala wapi, anapumzika lini, hayo kwa vizazi vingi yalikuwa kati yake na bwana wake.

Kazi yenyewe haijabadilika sana tangu siku hizo. Saisi hufika bandani kabla hakujapambazuka vizuri, huzoa, hutandika, na kundi la kwanza hutoka kuelekea uwanda wa mazoezi. Farasi huanza na hatua, wakaingia telki, kisha hupigwa shoti kuupanda mteremko wa Warren Hill, pumzi zao zikitoka kama moshi. Wakirudi watu hunywa chai haraka haraka, kundi la pili hutoka, na mara nyingi la tatu. Adhuhuri kazi husimama. Lakini ikifika saa kumi alasiri wote wamerudi tena, na hapo ndipo penye mtihani wa siku.

Kila farasi amevuliwa blanketi, amesuguliwa mpaka anang'aa, mabua yamesawazishwa na ncha zake kukunjwa vizuri mlangoni. Saisi anasimama kichwani pa mnyama, ameshika hatamu, anasubiri. Mkufunzi anaingia na mnyapara wake nyuma. Hasemi sana. Anainama, anapitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, kutoka gotini kushuka hadi kifundoni, polepole, akitafuta joto kwenye ukano. Joto la ukubwa wa kidole gumba linatosha kufuta mbio za Jumamosi, kumpigia simu mwenye farasi, na kumwuliza saisi ameuona lini mguu huu na kwa nini hakusema. Akimaliza anachungulia kihori kuona kama chakula kimeisha, kisha anakwenda chumba cha pili. Kuna mabanda yenye farasi 30, na kuna yenye zaidi ya 100. Siku iliyokatwa vipande viwili namna hii ina saa chache kwenye karatasi kuliko mwilini, maana yale masaa ya katikati hayamfikishi mtu mbali.

Hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sehemu kubwa ya kazi hii ilifanywa na wanagenzi. Mvulana mdogo wa umbo, umri wa miaka 14 au 15, kutoka mji wa viwanda au kutoka Ireland, alifungwa kwa mkataba wa miaka kadhaa kwa mkufunzi mmoja. Alipewa chakula, kitanda na fedha kidogo za mfukoni, pamoja na ahadi kwamba huenda siku moja atakuwa joki. Wachache sana wakawa. Wengine waliongezeka uzito, na ndoto ikawa imekwisha. Wakabaki kuwa masaisi, wakaoa, wakapewa nyumba ya mwajiri. Nyumba ya namna hiyo ni minyororo ya aina yake: ukiacha kazi Ijumaa, mke na watoto wako nje wiki ijayo. Mshahara ulipungua, bakshishi ikajazia. Mwenye farasi aliyeshinda alitia noti mkononi mwa saisi, na aliyeshindwa akampa mgongo. Likizo nayo ilikuwa ya mfumo huo huo. Msimu wa mbio za ardhi tambarare uliisha Novemba na kuanza tena Machi. Katikati, bwana akipenda na theluji ikiruhusu, kijana aliambiwa aende akawaone wazazi. Alishukuru. Hakuwa na karatasi yoyote iliyosema anastahili.

Nje ya mabanda dunia ilikuwa inasogea. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani, huko Geneva, lilipitisha mkataba wake namba 52 uliotaka mfanyakazi apate angalau siku 6 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Uingereza ikaunda kamati chini ya Lord Amulree, na Julai 1938 Bunge likapitisha Sheria ya Likizo yenye Malipo. Jina lake lilikuwa kubwa kuliko meno yake. Haikumwamuru mwajiri kutoa chochote. Ilizipa tu bodi za mishahara, zile za viwanda fulani na za kilimo, uwezo wa kuamua likizo isiyozidi wiki moja. Hata hivyo ilisukuma mambo: vita vilipoanza mwaka 1939, wafanyakazi zaidi ya milioni 11 nchini humo walikuwa na likizo yenye malipo kwa mapatano ya aina moja au nyingine. Miji ya pwani ilijaa watu waliokuwa wanaiona bahari huku mshahara wao unaingia.

Saisi alibaki pembeni. Mabanda ya mbio hayakuwa na bodi ya mishahara. Wala hayakuhesabiwa kuwa shamba, ingawa yanazungukwa na majani na yananuka samadi kuliko shamba lolote, kwani farasi wa mbio haliwi wala halimi. Sheria ya Uingereza imeshikilia mstari huo kwa ukaidi wa kuchekesha: mwaka 1962, katika kesi ya mipango ya ardhi, mahakama iliamua kwamba kufuga na kufunza farasi wa mashindano ya kuruka si kilimo. Kwa hiyo kijana aliyekamua ng'ombe ng'ambo ya ua alikuwa na bodi ya kumsemea, na aliyemlisha farasi upande huu alikuwa na huruma ya bwana wake. Tukirudi kwenye mwaka ule wa sheria ya likizo, 1938, masaisi wa Lambourn, kitovu kingine cha ufundishaji farasi, magharibi mwa London, waligoma chini ya chama kikubwa cha TGWU, kilichojengwa juu ya madereva na makuli wa bandarini. Dai la kutambuliwa lilikuwa limetamkwa kwa sauti, lakini vita vikaja, na hoja ikalala.

Mgawanyo wa madaraka bandani ulikuwa wa ajabu hata kwa waliokuwa juu. Jockey Club haikumpa mwanamke leseni ya ukufunzi. Florence Nagle, aliyefunza farasi kwa miaka mingi, ilimlazimu leseni ya banda lake iandikwe kwa jina la mnyapara wake. Yaani mtu aliyelipwa mshahara kila wiki ndiye aliyekuwa mkufunzi mbele ya kanuni, na tajiri yake hakuwa chochote. Bibi huyo aliwashtaki, na mwaka 1966, Mahakama ya Rufaa ilipoonyesha iko upande wake, klabu ikasalimu amri. Miaka ile ile wasichana walianza kujaa kwenye mabanda kama masaisi, maana wavulana wadogo wa umbo walikuwa wanapata kazi nyingine zenye jioni zao.

Halafu ukaja mwaka 1975. Mfumuko wa bei Uingereza ulikuwa unaelekea kuvuka asilimia 25. Wachimba makaa walikuwa wamegoma na kushinda, na kila chama kilikuwa mezani kikidai. Masaisi wa Newmarket waliokuwa TGWU waliomba nyongeza ya pauni chache kwa wiki, wakufunzi wakatoa pungufu ya hapo, na tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo kiasi kwamba matajiri wengi kwenye jukwaa wangeiweka kwenye dau moja bila kufikiri. Mwisho wa Aprili mgomo ukatangazwa, siku chache kabla ya mbio mbili kubwa za mwanzo wa msimu.

Alhamisi, tarehe 1 Mei, ilikuwa siku ya 1000 Guineas, moja ya mbio hizo mbili. Wagomaji waliingia uwanjani kuzuia njia. Majoki wakawajia na farasi zao, na katika vurugu hizo Willie Carson, aliyekuwa miongoni mwa majoki mashuhuri kabisa wa nchi, alivutwa akaangushwa chini kutoka juu ya farasi. Watazamaji, baadhi yao wakiwa na suti na kofia za siku ya mbio, waliruka uzio kwenda kupigana na watunza farasi. Picha hizo zilisambaa. Jumamosi, siku ya 2000 Guineas, wagomaji walirudi, na ikabidi farasi wapitishwe pembeni ya vizimba vya kuanzia na waanzishwe kwa bendera, kama zamani. Alishinda Bolkonski wa mkufunzi Henry Cecil, aliyepewa nafasi ya 33 kwa 1, akiwa na joki Mwitaliano Gianfranco Dettori. Wa pili alikuwa Grundy, ambaye mwezi uliofuata alichukua Derby. Ukifungua vitabu vya mbio utakuta majina hayo yote. Majina ya waliowasugua farasi hao asubuhi ile, au waliokataa kuwasugua, hayamo.

Mgomo ulidumu hadi Julai, na haukuwa wa wote. Hapa ndipo penye ugumu ambao hakuna msemaji wa chama aliyeweza kuukwepa. Ukigoma kiwandani unamkomoa mwajiri. Ukigoma bandani, wa kwanza kukosa maji ni yule farasi unayemjua tabia zake, anayekutambua kwa hatua zako unapokuja na ndoo. Masaisi wengi hawakuweza. Waliendelea na kazi, wakagawana farasi wa wenzao waliokuwa langoni na mabango, na usiku wakakutana nao kwenye baa zile zile za mji mdogo. Kuna familia zilizogawanyika. Wapo waliogoma ambao hawakurudishwa kazini. Hesabu ya fedha tu haionyeshi kwamba TGWU ilishinda. Mwezi huo huo wa Julai serikali ilitangaza kikomo cha nyongeza ya pauni 6 kwa wiki kwa nchi nzima, na hoja ya kila mtu ikaminywa.

Walichopata ni kiti. Baada ya mgomo masaisi waliunda chama chao wenyewe, cha watu wa farasi peke yao, na wakufunzi, ambao kwa hakika walikiona chepesi kuliko TGWU, walikubali kukaa nacho. Kuanzia hapo kukawa na mapatano ya kitaifa: kima cha chini cha mshahara bandani, saa za wiki, malipo ya anayesafiri na farasi kwenda mbioni, siku za likizo, na mfuko wa zawadi, ambamo sehemu ya ushindi wa farasi wote wa banda hugawanywa kwa watumishi wote badala ya kutegemea noti ya mwenye farasi. Wapo wanaosema chama hicho kilizaliwa laini mno. Huenda. Lakini mtu aliyekuwa akiomba kwa bwana mmoja mmoja sasa alikuwa na waraka wa kuuonyesha, na kwangu hilo ni zaidi ya pauni walizokosana.

Wakati likizo inaandikwa, kazi ilikuwa inaongezeka. Mbio za majira ya baridi zilizotegemea barafu iwe imeyeyuka zilipata njia mpya mwaka 1989, Lingfield ilipofungua uwanja wa mchanga maalumu unaokimbilika katika hali yoyote ya hewa. Mwisho wa 1993 Wolverhampton ikawasha taa, na farasi wakaanza kukimbia usiku. Ule utulivu wa Novemba hadi Machi, ambamo zamani kijana aliponyoka kwenda kwao, ukaanza kuliwa. Kisha ikaja Jumapili. Tarehe 7 Mei 1995 1000 Guineas ilikimbiwa Jumapili huko Newmarket, siku ya kwanza ya Jumapili yenye kamari halali uwanjani. Alishinda Harayir, farasi wa Hamdan al Maktoum wa Dubai. Familia yake wakati huo ilikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa wa mji ule, na mabandani zilikuwa zinaanza kusikika lugha ambazo Newmarket ya 1975 haikuzijua. Kwa makampuni ya kamari Jumapili ilikuwa soko jipya. Kwa saisi ilikuwa ndiyo siku ambayo makundi ya mazoezi hayatoki na mtu hufanya zamu fupi ya kulisha na kuzoa, kisha akajilalia.

Haki yenyewe ya likizo haikutoka Newmarket wala Westminster. Ilitoka Brussels. Tarehe 23 Novemba 1993 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo la muda wa kazi: wiki isiyozidi wastani wa saa 48, mapumziko ya kila siku, na wiki 4 za likizo yenye malipo kwa kila mfanyakazi. Serikali ya Uingereza ya wakati huo ilikwenda mahakamani kulipinga, ikidai mambo haya si ya afya na usalama. Novemba 1996 Mahakama ya Ulaya ilitupilia mbali hoja hiyo, isipokuwa ilifuta kifungu kimoja kilichosema siku ya mapumziko ya wiki kimsingi iwe Jumapili. Masaisi wangeweza kuwaambia majaji kwamba hiyo walikwisha nyang'anywa mwaka uliopita.

Kanuni za Uingereza zilianza tarehe 1 Oktoba 1998, kwanza kwa wiki 3, kisha 4 mwaka uliofuata. Mwaka 2007 zikapanda hadi 4.8, na Aprili 2009 zikafika wiki 5.6, ambazo kwa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki ni siku 28. Kwa mara ya kwanza hapakuhitajika bodi, wala chama, wala bwana mwenye moyo mzuri. Kijana wa banda la farasi 4 huko mashambani, ambaye hajawahi kusikia habari za mgomo, alikuwa na haki sawa na karani wa benki.

Ukishuka kwenye karatasi ya zamu ndipo mambo yanapokuwa matamu. Katika zile siku 28, mwajiri anaruhusiwa kuhesabu ndani yake sikukuu 8 za kitaifa za Uingereza. Karani hukaa nyumbani siku hizo. Saisi yuko kazini, kwa sababu farasi hula kila siku, na sikukuu nyingi ni siku za mbio kubwa. Kwa hiyo anadai siku nyingine badala yake, na siku hiyo nyingine inabidi ipatikane mahali fulani katikati ya wiki, mwenzake akimbebea farasi wawili au watatu juu ya wa kwake. Sheria inakataza kununua likizo, yaani mwajiri kumpa mtu fedha aendelee kufanya kazi, isipokuwa anapoacha kazi na ana siku zilizobaki. Mabanda madogo yalizoea kinyume chake: chukua hela, ng'ang'ana. Wengine walibuni njia ya kuchanganya malipo ya likizo ndani ya mshahara wa kila wiki, kidogo kidogo, ili siku ya kuondoka pasiwe na deni. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ilisema hapana, kwa sababu mtu asiyelipwa wakati wa kupumzika hatapumzika. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa za ajira nchini humo ikaongeza kwamba saa za ziada ambazo mtu hawezi kuzikataa nazo zihesabiwe kwenye malipo ya likizo. Kwenye banda ambalo jioni za mbioni ni sehemu ya kazi, uamuzi huo uligusa mifuko ya wengi.

Siku zote kuna mlango wa nyuma. Ule uliotumika zaidi kwenye mabanda ya watu binafsi, yale ya kulaza farasi wa wikendi na ya shule za upandaji, ni kumwita mtumishi mfanyabiashara huru. Anakuja saa zile zile, anafuata amri zile zile, anatumia uma na toroli la mwenye banda, ila kwenye vitabu yeye ni mkandarasi asiye na likizo wala siku ya ugonjwa. Mahakama za kazi huangalia hali halisi, si jina lililoandikwa kwenye mkataba, lakini kesi ni ya mtu mwenye muda na ujasiri, na mabanda mengi ya namna hiyo yako vijijini ambako mwajiri mmoja akikukasirikia wengine watano wanajua kabla ya chakula cha jioni.

Machi 2020 mbio zilisimama Uingereza kwa sababu ya korona, hazikurudi hadi tarehe 1 Juni. Majukwaa yakawa matupu, majoki wakakaa nyumbani. Mabandani kazi iliendelea kila asubuhi kama kawaida, kwa kutengana mita 2, watu wakitandika kwa zamu ili wasikutane mlangoni. Serikali iliruhusu likizo ambayo haikuwezekana kuchukuliwa ivushwe hadi miaka 2 iliyofuata.

Uingereza ilikwisha toka Umoja wa Ulaya, na mwaka 2024 ikabadilisha sehemu ya kanuni hizo. Kwa wafanyakazi wa saa zisizo na mpangilio, kama saisi anayeitwa asubuhi za Jumamosi na wakati wa shule kufungwa, sasa inaruhusiwa tena kulipa likizo ndani ya mshahara, mradi ionyeshwe kando kwenye hati ya malipo. Kiwango ni asilimia 12.07, inayopatikana kwa kugawa wiki 5.6 za likizo kwa wiki 46.4 zinazobaki za kazi. Tuseme analipwa pauni 12 kwa saa: juu yake inaongezwa pauni 1 na peni 45, na hiyo ndiyo likizo yake. Akienda kupumzika Agosti, wiki ile haiingii kitu. Anatakiwa awe ameweka akiba tangu Januari, na mwajiri hatakiwi tena kufuatilia kama aliweka, ingawa bado ni wajibu wake kumwachia siku hizo akizitaka. Chama cha masaisi, ambacho siku hizi kinaitwa National Association of Racing Staff, huendelea kukaa na wakufunzi kupanga viwango vya mabanda ya mbio. Mabanda ya watu binafsi hayamo kwenye mapatano hayo. Huko kila Desemba mwenye banda bado anapachika karatasi ukutani na kuwauliza nani atachukua asubuhi ya Krismasi na nani ya mwaka mpya.